Kilo Zangu Mbele ya Watu

Beni, Jumapili 6 Oktoba 2002

Mvua imenyesha tangu alfajiri na barabara ya Beu, mtaa wetu, imekuwa uji. Nimefungua daftari hili la shule, lililobaki tangu siku nilizofundisha darasa la tatu, kwa sababu nina hasira na nyumbani hakuna wa kumwambia. Mume wangu ana miaka mitano kaburini. Dada yangu Victorine yuko Butembo, na siku hizi ile barabara si ya kupita ovyo.

Basi niandike. Mimi ni Emérence, chef wa quartier, yaani mkuu wa mtaa. Mimi ni mnene. Nalisema mwenyewe kwanza, ili mwingine asidhani amegundua kitu. Nilizaliwa mkubwa, baba yangu alikuwa mkubwa, na mama yake baba aliingia jikoni kwa ubavu. Kabla ya vita, wamama waliponikuta sokoni waliwaonyesha binti zao mkono wangu: "Ona, huyu mumewe anamtunza." Leo mkono ni ule ule. Wanauonyesha bado, lakini wanachosema kimebadilika.

Kazi yangu tangu Agosti ni liste, orodha ya wakimbizi. Kila familia inayokimbia vita kutoka upande wa Ituri, ikapita Eringeti kwa miguu na kufika kwetu, naiandika jina kwa jina. Shirika limeahidi malori ya unga, maharagi na mafuta katikati ya Desemba. Aliye kwenye liste atakula. Asiyekuwemo, basi tena. Kwa sasa Wakristo wanaleta maharagi na ndizi kila Jumamosi, tunavigawa siku hiyo hiyo, na ufunguo wa chumba cha chakula ninao mimi. Leo familia ni mia mbili na kumi na mbili.

Padri amehubiri juu ya ngamia na tundu la sindano. Alipotaja ngamia, benchi tatu za mbele ziligeuka kunitazama.

Jumanne 8 Oktoba

Leo redio ya hapa mjini imenipa jina. Baada ya matangazo ya vifo, yule animateur wao kijana, mtangazaji wa vichekesho, Élysée, aliingia na sauti nzito ya kiboko, akiwaita wakimbizi: "Badéplacés, bana yangu, mungoje kidogo. Mama Gunia anaonja kwanza kama maharagi imeiva." Kisha ngoma: du, du, du, ndiyo miguu yangu ikitembea. "Ameonja sufuria ya kwanza. Ameonja ya pili. Eh! Na sufuria yenyewe iko wapi?"

Jina langu hakulitaja, lakini chef wa quartier mwanamke mjini humu ni mmoja. Sokoni walinipokea kwa ngoma za mdomo. Maharagi ya parokia ni mabeseni sita kwa wiki. Hata ningeyala yote na mabeseni yenyewe, mwili huu nisingeupata kwa miezi miwili.

Sekretari wangu Phinées alinifariji. "Mama, uache tu. Batu banacheka, itapita." Phinées ni mwembamba kama ufito, ana shati moja na kikohozi, na watu wanampenda sana. "Ule hakuli cha mutu," wanasema. Nilimwona akicheka kabla sijaingia.

Jumatano 9 Oktoba

Mvua. Ngoma zile zile. Nimekwenda bureau, yaani ofisini, kwa hatua ndogo ndogo kama mwizi, kisha nikajikasirikia njia nzima.

Jumamosi 12 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na sijui kama ni la akili.

Baada ya salongo, ile kazi ya mtaa ya kila Jumamosi, watu wakiwa bado na majembe mkononi, mkutano ulifanyika mbele ya depo ya kahawa ya Lusenge, kwa sababu pale kuna bati na mvua ilikuwa inarudi. Bwana Laurent alikuja mwenyewe. Ndiye mkubwa wa bureau, aliye juu yangu, ametoka Kisangani, na hupenda mikutano iishe haraka. Hatukufika hata kwenye neno la pili. Mwanamke mmoja alipaza sauti: "Mwenye shibe hamujue mwenye njaa!" Wengine wakapiga ngoma: du, du, du. Damu ilinipanda.

"Munataka kujua kama ninakula byakula ya badéplacés?" nikasema. "Bascule ya Lusenge iyi hapa nyuma yangu. Munipime leo. Siku malori inakaribia, munipime tena. Kama nimeongeza hata kilo moja, mukamate liste, mupatie mwengine."

Wakashusha majembe. Watu wetu ni wa biashara. Hakimu anaweza kununuliwa, askari ndiyo usiseme, lakini ile mizani ya chuma inayopima kahawa haibishiwi na mtu. Baba yangu aliuza kahawa miaka thelathini na aliamini bascule kuliko alivyoniamini mimi. Nami nimekua hivyo.

"Voilà!" akasema Laurent. "Likambo te, hakuna shida. Tunapima."

Lusenge aliona haya. Ni mzee mwenye heshima zake. "Mama Emérence, hii ni ya kahawa," akaninong'oneza. Nilivua viatu nikapanda. Bati lake la kukanyagia lilikuwa na maji, na baridi ilinipanda hadi magotini. Mfanyakazi wake alisogeza kile chuma kidogo, akakisogeza tena, akapiga kelele kama anavyofanya kwa wakulima: "Mia moja kumi na munane!"

Nyuma mtu akaitikia: "Muondoe ya maji! Haiyakauka bado!"

Maana kahawa ikiletwa mbichi, mnunuzi huondoa kilo kadhaa za maji. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Laurent naye alicheka, huku anaandika, kisha akapiga muhuri. Nilishuka, nikavaa viatu vyangu taratibu, nikatembea hadi nyumbani na kichwa juu. Mlango ulipofungwa nililia sana.

Jumapili 13 Oktoba

Sikwenda misa.

Alhamisi 17 Oktoba

Wamefika kumi na wanane leo, wote wamelowa. Madarasa ya shule wanamolala wakimbizi yamejaa. Mmoja wao ni Kyakimwa, kijana bado, ana mtoto mgongoni na binti wa miaka sita anayeitwa Nadège. Walitembea siku tano, wakizunguka porini kukwepa barabara. Yeye na mumewe walipotezana msituni usiku wa kwanza. Shamba lao liko karibu na Eringeti, muhogo umekomaa, wameuacha ardhini.

Nimewapa chumba changu cha nyuma. Kyakimwa alinitazama juu mpaka chini, akashika mikono yangu yote miwili. "Mungu asifiwe. Tumefika kwa mutu mwenye iko na byakula."

Nilicheka sana. Ni mtu wa kwanza mwaka huu kuuona mwili wangu akafurahi. Nimewaandika: familia ya mia mbili thelathini na moja.

Jumanne 22 Oktoba

Nimeamua kula mara moja kwa siku. Si kwamba nina hatia. Naogopa bascule. Naogopa chumvi, naogopa maji, naogopa hata mvua, kwamba siku hiyo kikwembe nilichojifunga kikilowa kitahesabiwa ni maharagi ya watu. Chakula cha mchana ninampa Nadège. Anakula majani ya muhogo, sombe ya mawese, huku ananitazama, na mimi natazama sombe.

Jumanne 29 Oktoba

Nimerudi kutoka Butembo, nilikokwenda kuomba maharagi kwa Victorine. Dereva wa lori alinipanga nikae juu ya ekseli, katikati kabisa, ili gari isilale upande mmoja. Alisema hivyo kwa sauti, na watu wakanisogeza kama mzigo. Mbele kwenye kabina walikaa wafanyabiashara wawili, kila mmoja na tumbo kubwa kuliko langu. Hao anawaita "patron", na aliwafungulia mlango.

Bulengera, mtaa wa Victorine huko Butembo, nako ngoma zimefika. Watoto kwenye bomba waliniona nikipanda kilima, wakaanza: du, du, du. Victorine alitoka na mwiko akawafukuza. Yeye naye ni mnene, lakini ana duka, hivyo wanamwita mama patronne.

"Kwa nini ulikubali kupanda kwa ile chuma?" aliniuliza.

"Miye mwenyewe njo niliomba."

"Basi uko mujinga, Emérence. Mwili yako haiko dossier ya serikali. Mara ya pili ukatae."

Nilimjibu vibaya. Kukataa sasa ni kukiri. Nilichukua gunia lake la maharagi, nikaondoka bila kuagana vizuri, na inaniuma.

Jumatano 6 Novemba

Nimekaa na liste mchana kutwa. Phinées ndiye anayeinakili vizuri kwa ajili ya shirika, ana mwandiko mzuri. Katika nakala yake nimekuta familia kumi na saba ambazo sikuziandika mimi. Nikachukua mwavuli nikaenda kuzitafuta. Penye nyumba ya kwanza pana migomba mitupu. Penye ya pili pana choo cha soko. Jina la tatu ni la mzee tuliyemzika Septemba, na mimi nilibeba maji siku ya kilio chake.

Nimefuta zote kumi na saba kwa wino mwekundu.

"Ah, mama, ni makosa ya kuandika tu," Phinées akasema. Alitabasamu, akakohoa ndani ya kiganja, kwa adabu kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka miwili nimekuwa nikimwonea huruma kwa ajili ya lile shati.

Ijumaa 8 Novemba

Nilimpelekea Laurent zile karatasi mbili, yangu na ya Phinées. Alizitazama kidogo, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Mama, miye naamini weye. Mais batu banaangalia nini? Nikisema Phinées njo mwizi, ule mutu wa mifupa mitupu, nani ataamini? Bataangalia yeye, bataangalia weye."

"Basi baangalie karatasi, bwana chef."

"Karatasi haina tumbo, mama." Hakuwa anatania. "Ungoje pesage, kupimwa ya pili. Ukipona pale, tutaongea ya Phinées."

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe anaamini kuwa mtu mnene ni mwizi. Aliinua mabega. "Lisemwalo liko. Hata kama haliko, linakuja."

Nimetoka na karatasi zangu chini ya kikwembe ili zisilowe. Kwa hiyo kila kitu sasa kiko juu ya ile bascule: liste, wale kumi na saba wa uongo, na familia mia mbili na hamsini za kweli. Nimepunguza tena. Leo nimekula ndizi mbili.

Jumapili 17 Novemba

Njaa inanifanya mkali. Nimempigia Nadège kelele kwa sababu ya maji yaliyomwagika. Baadaye nimemwomba msamaha naye akaniuliza msamaha ni nini.

Jumamosi 23 Novemba

Leo kwenye salongo, tukifukua mfereji, niliona dunia imeinama upande. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye matope na wanaume wanne wamesimama juu yangu, wanabishana nani ashike wapi. Mmoja akasema waite lori. Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya mkubwa, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kama angeanguka Phinées, wangekuwa wameshambeba.

Kyakimwa ndiye aliyetupa jembe akaja. Aliniketisha, akanipangusa uso kwa kikwembe chake, akatoa ndizi ya kuchemsha.

"Kula, mama."

"Bado wiki tatu."

"Ukikufa, nani ataandika siye? Ule wa kikohozi?" Alikuwa amekasirika kweli. "Kule kwetu mutu munene akikonda tunalia. Ninyi huku munapiga makofi."

Sikuila. Ni ujinga, najua ni ujinga, na nimeufanya. Ndizi nilimpa Nadège.

Jumatatu 2 Desemba

Homa siku ya nne. Malaria. Mvua haijakoma. Mama Gunia bado yuko redioni, leo ameolewa na kiboko.

Jumamosi 14 Desemba

Naandika polepole, maana nataka iwe sawasawa.

Malori yanafika Alhamisi. Depo ilijaa, wengine walipanda juu ya magunia ili waone. Nilivaa kikwembe kile kile cha Oktoba, nikawaonyesha, wasije wakasema nimebadilisha. Nilipanda. Lusenge mwenyewe alisogeza kile chuma safari hii. Aliangalia, akaangalia tena, akasema kwa sauti ya kawaida: "Mia moja na tatu."

Kilo kumi na tano zimetoka. Nitasema kweli: nilifurahi kama mtoto. Nilisimama juu ya lile bati nikangoja waseme.

Phinées ndiye aliyesema. Alivua kofia. "Batu ya Mungu, tuombee mama yetu. Kilo kumi na tano kwa miezi mbili. Mutu muzima hakondake hivi bure."

Hakuongeza neno. Halikuhitajika. Mwanamke mmoja karibu nami alimvuta mtoto wake nyuma. Mwingine akasema kutoka kwenye magunia: "Ni ile ugonjwa." Na mwingine: "Bwana yake alikufa na nini, basi?" Mume wangu alikufa lori lilipopinduka, na nusu ya watu waliokuwa pale walimzika.

"Sikuongeza!" nikapiga kelele. "Tulisema kuongeza! Niko mia moja na tatu!"

"Njo vile, mama," Laurent akasema. Alikuwa mpole sana, na alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. "Hakuna mutu anasema uliiba. Mais byakula ya batu, na mutu mwenye iko mugonjwa... Upumuzike kwanza. Liste itabaki na sekretari."

Bascule inasema kilo, haisemi zimekwenda wapi. Hilo nilipaswa kulijua, mimi binti wa muuza kahawa. Niliwaeleza kwamba nilifunga kula. Niliwaeleza homa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonionea huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko ngoma. Phinées alipokea ufunguo kwa kuushika na jani la mgomba.

Jumatatu 16 Desemba

Kyakimwa amehama. Alikunja mkeka wake alfajiri, akidhani nimelala. Nilipotoka alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, akatazama chini.

"Wasingya, mama," akasema. Asante. "Haiko weye. Banasema kwa batoto ni hatari, sahani, vijiko..."

"Na weye unasema nini?"

"Miye sijue. Miye niko na babili tu."

Huyu ndiye aliyenipangusa matope. Nilitaka kumchukia nikashindwa, kwa kuwa hata mimi ningekuwa na wawili tu ningeogopa. Nadège alinipungia mkono mpaka kwenye kona. Wamekwenda kulala darasani.

Ijumaa 20 Desemba

Wamegawa. Nilisimama mbali, upande wa pili wa barabara, chini ya ukingo wa bati. Phinées alisoma majina kwa sauti yake ya kikohozi na watu wakamwonea huruma kwamba anachoka. Wale kumi na saba wamerudi. Wamekuja na wengine. Nilihesabu familia thelathini na tisa nilizoziandika kwa mkono wangu ambazo hazikuitwa. Kyakimwa ni mmojawapo. Alikwenda mezani mara tatu. Mara ya tatu askari alimsukuma.

Nilivuka barabara. Nilisema majina yake yote matatu kwa sauti, na tarehe aliyofika, na mvua iliyokuwepo siku ile. Watu walinifungulia njia pana sana, hakuna aliyetaka kunigusa. Phinées alisema, "Mama, urudi nyumbani, utachoka." Nimerudi.

Jumatatu 23 Desemba

Kyakimwa alikuja asubuhi, akasimama nje ya ua. Maharagi ya Victorine yamebaki beseni moja. Nilikuwa nimeyachemsha, nikatoa sufuria nzima nikaiweka kwenye jiwe, nikarudi nyuma kama mtu anayelisha mbwa wa jirani, ili asiogope. Aliitazama sufuria. Alimeza mate. Hakuichukua.

"Naenda shambani," akasema. "Na bamama bengine batano. Muhogo yangu iko mingi kule. Siku mbili ya kuenda, siku mbili ya kurudia."

"Kule kuna vita, Kyakimwa."

"Na huku kuna nini?"

Nilimsihi. Nilimwambia sina ugonjwa, nilimwapia kwa Bikira Maria. Alisema ananiamini, na sufuria ikabaki pale pale. Ameacha watoto darasani kwa bibi mmoja wa kwao. "Ubaangalie kidogo, mama. Kwa mbali." Kisha akaona haya ya lile neno, akaondoka haraka.

Jumatano 25 Desemba

Noeli. Mvua. Nimewatazama watoto kwa mbali.

Ijumaa 3 Januari 2003

Wamerudi wanawake watatu kati ya sita, baada ya kujificha msituni wiki nzima. Walikutwa na watu wenye bunduki kwenye njia, muhogo ukiwa tayari kichwani. Kyakimwa hakukimbia haraka kwa sababu hakutaka kutupa kikapu. Aliyeniambia alimwona akianguka. Watu wa kijiji wamewazika wote watatu palepale, kaburi moja.

Nimekwenda shuleni nikawachukua watoto. Yule bibi hakunizuia wala hakusema kitu juu ya ugonjwa. Amechoka. Mdogo amelala mgongoni mwangu sasa hivi ninapoandika. Nadège nimemwambia. Alisikiliza vizuri, akaniuliza kama muhogo umekuja.

Nimekasirika mpaka sioni mstari. Nimewakasirikia Phinées na Laurent, na yule kijana wa redio, na mimi mwenyewe niliyesema lete bascule. Sufuria moja ya maharagi ilikuwepo juu ya jiwe, na ilikuwa ya moto.

Jumamosi 4 Januari

Mtu akifa, sharti atangazwe redioni, la sivyo amepotea tu. Huenda mumewe yuko hai mahali fulani, ana redio. Nikaandika communiqué, tangazo la kifo, kwa mwandiko wangu wa darasani, nikaenda mwenyewe.

Élysée alikuwa peke yake mezani. Ni kijana mzuri, mwenye adabu, shati limepigwa pasi. Sikuwa nimemwona hata siku moja. Alisimama, akanivutia kiti, akasema, "Karibu mama, ukae, umelowa." Nilikaa. Kiti kilikuwa cha kawaida na kilinitosha.

Alisoma karatasi. Alipofika kwenye neno "déplacée" alitikisa kichwa, na macho yake yalijaa kweli, siwezi kumsingizia.

"Pole sana, mama. Ni mutoto yako?"

"Alikuwa kwangu."

"Pole. Ni ile Mama Gunia, Mungu atamulipisha. Alikula byakula yabo yote, ona sasa, banaenda kufa juu ya muhogo."

Nilimtazama. "Ulishamuona?"

"Mama Gunia? Hapana. Mais batu bote banamujua."

"Anafanana namna gani?"

Alifungua mikono yake miwili mpaka ikagonga ukuta na kabati. "Hii mulango hapiti, mama," akasema, akionyesha mlango nilioingilia.

Nilichukua kalamu yake. Chini ya communiqué huwekwa jina la anayetangaza. Niliandika: Emérence, aliyekuwa chef wa quartier, Beu. Nikamgeuzia karatasi. Alilisoma, akanitazama, akalisoma tena. Akatazama tumbo langu, kisha mlango.

"Uko na carte d'identité?" akaniuliza.

Nilitoa kadi yangu ya kitambulisho. Aliikagua pande zote mbili.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alisoma tangazo. Alilisoma vizuri, polepole, jina la Kyakimwa mara mbili kama nilivyoomba, na kijiji chake, na majina ya watoto. Penye jina langu akakohoa, akaweka muziki.

Jumatatu 6 Januari

Asubuhi nilikuwa nawapikia uji, redio ya jirani ikiwa juu. Baada ya matangazo ya vifo zikaja ngoma: du, du, du. Mama Gunia amekwenda kwa daktari, kitanda kimevunjika, sasa wanamlaza juu ya daraja. Nilitaka kwenda kumwambia jirani azime.

Nadège alikuwa ameketi kwenye jiwe na kikombe chake. Alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka uji ukamtoka puani, akanitazama ili nicheke naye, maana hajui ni nani anayesemwa. Hakuwa amecheka tangu Ijumaa. Nikaiacha redio imalize, na nilipoona ananingoja, nikacheka.